Ubeberu wa Ulaya katika Afrika ya Mashariki

Ubeberu wa Ulaya katika Afrika ya Mashariki ni jina la jumla la matukio ya miaka 1884 hadi 1914 ambamo Ujerumani na Uingereza, mataifa mawili yaliyotangulia kwa viwanda barani Ulaya, yalijitwalia nchi zinazoitwa leo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi. Kabla ya hapo Wazungu walikuwa wachache sana katika eneo hili: mabalozi na wafanyabiashara huko Unguja, wamisionari katika vituo vichache, na wapelelezi waliopita pamoja na misafara. Miaka 30 baadaye karibu kila mtawala mwenyeji alikuwa ameondolewa, ameuawa, au anatawala kwa idhini ya ofisa Mzungu.

Shuleni historia hii hufundishwa kwa kawaida kama orodha mbili, moja ya sababu na nyingine ya mbinu. Inafaa orodha hizo zisomwe pamoja, kwa kuwa mapinduzi ya viwanda yalizaa vyote viwili: haja ya kutafuta makoloni na vifaa vya kuyapata kwa gharama ndogo. Tena bunduki haikufanya kazi peke yake. Karibu kila mahali ilitanguliwa au kufuatwa na karatasi: mkataba, hati ya kifalme, ramani na stakabadhi ya kodi.

Jina

Neno "ubeberu" limetokana na "beberu", yaani mbuzi dume, mnyama anayejulikana kwa kutumia nguvu na kutawala kundi. Katika Kiswahili cha siasa limekuwa na maana ya nchi yenye nguvu kuitawala nchi nyingine au kuitumia kwa faida yake. "Ukoloni" ni aina mojawapo ya ubeberu, ambapo nchi tawala huweka maofisa, sheria na askari wake ndani ya nchi inayotawaliwa. Ubeberu unaweza kuwepo pasipo ukoloni, na ndivyo ilivyokuwa Zanzibar kabla ya mwaka 1884.

Hali kabla ya mwaka 1884

Katika karne ya 19 pwani kutoka Mogadishu hadi mto Ruvuma ilikuwa chini ya Masultani wa Zanzibar wa nasaba ya Busaidi. Mamlaka yao barani yalikuwa hafifu, lakini misafara ya biashara iliyoanzia Bagamoyo, Pangani na Mombasa ilifika hadi Tabora, Ujiji, Buganda na ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Pembe za ndovu zilikwenda Ulaya, Marekani na Bara Hindi; karafuu za Unguja na Pemba zililimwa na watumwa. Kutoka nje ziliingia bunduki, shanga, waya wa shaba na vitambaa. Hadi leo kitambaa cheupe cha pamba huitwa "merikani", kwa sababu kililetwa kwanza kutoka viwanda vya Marekani, nchi iliyofunga mkataba wa biashara na Sultani mwaka 1833.

Waingereza walikuwa na balozi Unguja tangu mwaka 1841. Balozi John Kirk alikuwa na sauti kubwa kwa Sultani Barghash bin Said, aliyetawala miaka 1870 hadi 1888. Mwaka 1873, baada ya kutishiwa kwamba manowari zingefunga bandari yake, Barghash alitia saini mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga soko la watumwa la Unguja. Kwa njia hiyo Uingereza ilipata mengi iliyoyataka bila kulipia jeshi wala mahakama. Kwa hiyo linabaki swali: kwa nini utaratibu huu wa bei nafuu uliachwa katika miaka michache tu baada ya 1884?

Sababu

Sababu za kiuchumi

Mashine za Ulaya zilihitaji malighafi zisizopatikana huko: pamba, mpira, mafuta ya nazi na ya mawese, katani. Zilihitaji pia wanunuzi wa bidhaa nyingi zilizotengenezwa. Kuanzia mwaka 1873 bei zilishuka na biashara ilizorota katika nchi za viwanda. Ujerumani mwaka 1879, na baadaye Ufaransa, ziliweka ushuru mkubwa kwa bidhaa za kigeni ili kulinda viwanda vyao. Wafanyabiashara wakaanza kuogopa kwamba kila eneo la dunia lingezungushiwa ukuta wa ushuru na taifa litakalolitwaa, na kwamba atakayechelewa angefungiwa mlango.

Hata hivyo, wakati wa mgawanyo Afrika ya Mashariki ilikuwa na bidhaa chache zilizohitajika sana viwandani. Pembe za ndovu zilitumika kutengenezea vibonye vya piano na mipira ya biliadi, lakini ndovu walikuwa wakipungua. Waliotaka makoloni walizungumzia faida ya kesho kuliko ya leo. Faida hiyo ilichelewa: hadi Vita Kuu ya Kwanza ilipokaribia, biashara ya Ujerumani na makoloni yake yote ilikuwa chini ya asilimia 1 ya biashara yake ya nje. Makampuni machache, wenye meli na wenye mashamba walipata faida, huku hasara ikilipwa na hazina ya serikali, yaani na walipa kodi wa Ujerumani.

Sababu za kisiasa

Ujerumani iliungana kuwa taifa moja mwaka 1871. Mwanzoni chansela wake, Otto von Bismarck, hakupenda makoloni kwa kuona ni gharama bure. Mwaka 1884 alibadilika. Uchaguzi wa bunge ulikuwa karibu, vyama vilivyopigania makoloni vilikuwa na wafuasi wengi, na ugomvi kati ya Uingereza na Ufaransa juu ya Misri ulimpa nafasi ya kuibana Uingereza.

Kwa upande wa Uingereza jambo kubwa lilikuwa njia ya kwenda Bara Hindi. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na mwaka 1882 Waingereza waliivamia Misri na kuikalia. Misri hutegemea maji ya mto Nile, na Nile hutoka katika ziwa Viktoria. Kwa hesabu hiyo wanasiasa wa London waliona kwamba hawawezi kuiacha Uganda iangukie mikononi mwa taifa lingine la Ulaya. Pwani ya Kenya ilihitajiwa kwanza kabisa kama mlango wa kuingilia Uganda.

Sababu za kidini na kifikra

Wamisionari walitangulia serikali. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua kituo cha Bagamoyo mwaka 1868, Waanglikana walifika Buganda mwaka 1877 na Wamisionari wa Afrika ("White Fathers") mwaka 1879. Wengi wao walikuja kwa nia ya kuhubiri na kupinga biashara ya watumwa, na habari zao juu ya mateso ya watumwa ziligusa watu wa Ulaya. Walipopata matatizo, waliomba ulinzi wa serikali zao.

Biashara ya watumwa ilikuwa uovu wa kweli. Lakini matendo ya watawala yanaonyesha kwamba kuikomesha hakukuwa lengo la kwanza. Wajerumani hawakufuta utumwa katika koloni lao. Walitoa hati za uhuru kwa mtumwa mmojammoja, na kwa amri ya mwaka 1904 waliwahesabu kuwa huru watoto watakaozaliwa kuanzia mwaka 1906. Tanganyika ilipata sheria ya kufuta utumwa mwaka 1922, chini ya Waingereza. Waingereza wenyewe waliitawala Zanzibar tangu 1890 lakini walifuta hali ya kisheria ya utumwa mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907.

Pamoja na dini yalienea mawazo ya ubaguzi wa rangi. Waandishi wa Ulaya walidai kwamba mataifa hushindana kama viumbe porini, kwamba wenye nguvu wana haki ya kushinda, na kwamba Mwafrika ni kama mtoto anayehitaji mlezi. Mawazo hayo yaliwawezesha watu waliojiona wema kukubali mambo ambayo wasingeyakubali yakitendwa nchini kwao.

Vifaa vilivyowezesha ubeberu

Kutaka ni jambo moja, kuweza ni jambo lingine. Katika miaka ya 1850 Mzungu aliyekwenda bara alitegemea kabisa hisani ya wenyeji, na mara nyingi aliugua au kufa. Vifaa vya zama za viwanda vilibadilisha hali hiyo:

Kwinini, dawa iliyopunguza vifo vya malaria miongoni mwa Wazungu.

Meli za mvuke, ambazo hazikungoja upepo wa kaskazi wala wa kusi. Kampuni ya William Mackinnon ilianza safari za kila mwezi hadi Unguja mwaka 1872.

Telegrafu, iliyofika Unguja kwa waya wa chini ya bahari mwaka 1879. Amri ya London au Berlin, iliyokuwa ikichukua majuma, sasa ilifika kwa muda mfupi.

Bunduki za kisasa, hasa bunduki ya rashasha iliyobuniwa na Hiram Maxim mwaka 1884, mwaka uleule Wajerumani walipoanza kutafuta mikataba barani. Wenyeji waliita silaha ya namna hiyo "bombomu".

Wenyeji nao walikuwa na bunduki, ila nyingi zilikuwa magobori ya kushindilia baruti. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliofungwa kwa jina la kupambana na biashara ya watumwa, ulizuia pia kuuza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Hivyo tofauti ya nguvu ililindwa kwa sheria.

Kulikuwa pia na bahati mbaya ya wakati. Katika miaka ya 1890 sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, iliua sehemu kubwa ya mifugo ya Wamasai na wafugaji wengine. Ikafuata ndui, nzige na njaa. Maofisa wa Ulaya waliingia katika nchi nyingi zikiwa tayari zimedhoofika, na baadhi yao wakadhani wamekuta hali ya kawaida ya wenyeji.

Mbinu

Mikataba

Mnamo Novemba 1884 Carl Peters, kijana wa miaka 28, alivuka kutoka Unguja hadi Saadani pamoja na wenzake wachache. Alikuwa mjumbe wa Shirika la Ukoloni wa Kijerumani, chama kidogo alichosaidia kukianzisha mwaka uleule. Katika majuma machache alirudi na mikataba 12 kutoka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, iliyodaiwa kuhusu eneo la kilomita za mraba takriban 140,000.

Mkataba unaojulikana zaidi ni ule wa tarehe 29 Novemba 1884 na Mangungo wa Msovero, katika wilaya ya Kilosa ya leo. Ndani yake Mangungo anasemwa kuitoa nchi yake yote, pamoja na haki zake zote, kwa shirika la Peters ili itumiwe kwa ukoloni wa Kijerumani. Zawadi na ahadi ya urafiki ndizo zilizokuwa malipo. Tena mkataba unasema kwamba Mangungo hamtegemei Sultani wa Zanzibar, na kwamba hata hajui kama kuna Sultani.

Sentensi hiyo ya mwisho yafaa kuangaliwa kwa makini. Mangungo hakuwa na haja ya kuitamka, wala hakuna Msagara ambaye ingemfaa. Ilimfaa Peters, aliyejua kwamba mkataba wake ungepingwa Unguja na kusomwa Berlin. Karatasi iliandikwa kwa Kijerumani kwa ajili ya wasomaji wa Ulaya. Aliyeweka alama yake hapo chini hakuwa msomaji aliyekusudiwa. Katika desturi za wenyeji mgeni aliweza kupewa urafiki, hata undugu wa kuchanjiana, na ruhusa ya kukaa na kulima. Ardhi ya ukoo haikuwa mali ya mtu mmoja kuweza kuiuza, na Mangungo hakuwa mtawala wa Usagara yote.

Hati za kifalme na makampuni

Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari Wilhelm I alitoa hati ya ulinzi kwa ajili ya maeneo ya Peters. Barghash alilalamika kwa telegrafu kwamba nchi hizo ni zake. Mnamo Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake, na Waingereza waliokuwa wakimshauri kwa miaka mingi walimshauri akubali.

Serikali zote mbili zilipendelea kwanza kutawala kwa kupitia makampuni ili zisitumie fedha za umma. Ujerumani iliiachia Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki. Uingereza iliipa hati ya kifalme kampuni ya Mackinnon mwaka 1888. Zote mbili zilishindwa katika miaka michache. Kampuni ya Kijerumani ilishindwa na vita ya pwani, na utawala ulichukuliwa na serikali tarehe 1 Januari 1891. Kampuni ya Kiingereza iliishiwa na fedha huko Uganda. Uganda ikatangazwa kuwa nchi lindwa mwaka 1894, na Kenya ya leo mwaka 1895.

Kugawana mezani

Mara nyingi husemwa kwamba Afrika iligawanywa katika Mkutano wa Berlin. Mkutano huo, uliofanyika kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885 bila mjumbe hata mmoja wa Kiafrika, haukuchora mipaka ya Afrika ya Mashariki. Ulijadili biashara huru katika beseni la mto Kongo na kanuni za kutwaa maeneo mapya ya pwani. Hati ya Kaisari kwa Peters ilitolewa siku moja baada ya mkutano kufungwa.

Mipaka ilichorwa katika mapatano ya nchi mbili. Mwishoni mwa mwaka 1886 Ujerumani na Uingereza zilikubaliana mstari kutoka mto Umba hadi ziwa Viktoria, uliopinda kuuzunguka mlima Kilimanjaro ili ubaki upande wa Ujerumani. Sultani aliachiwa visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Mapatano ya tarehe 1 Julai 1890 yalimaliza kazi: Ujerumani iliacha madai yake juu ya Uganda na Witu, ikakubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza, na ikapewa kisiwa kidogo cha Helgoland katika Bahari ya Kaskazini. Ukanda wa pwani upande wa kusini Sultani alilipwa marki milioni 4 auache.

Nguvu ya kijeshi

Mnamo Agosti 1888 maofisa wa kampuni ya Kijerumani walipoanza kuchukua forodha za pwani na kupandisha bendera yao, watu wa Pangani na miji mingine waliwapinga wakiongozwa na Abushiri bin Salim na Bwana Heri wa Saadani. Kampuni ilifukuzwa karibu pwani yote isipokuwa Bagamoyo na Dar es Salaam. Bunge la Ujerumani lilitoa marki milioni 2 mapema mwaka 1889, na Hermann Wissmann akaunda jeshi la askari Wasudani walioandikishwa Misri na wengine kutoka Msumbiji. Abushiri alinyongwa Pangani mnamo Desemba 1889.

Mfano huu ulirudiwa kwingineko: maofisa wachache wa Ulaya, askari wengi Waafrika kutoka nchi ya mbali, na silaha za viwandani. Gharama ilikuwa ndogo kuliko kuleta jeshi kutoka Ulaya. Huko Unguja, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zilipiga mizinga jumba la Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultani bila idhini yao. Vita vilikwisha kwa muda wa dakika 40 hivi. Upande wa Khalid waliouawa na kujeruhiwa walikuwa kama 500. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Kutumia mafarakano ya wenyeji

Buganda ilikuwa ufalme wenye nguvu, lakini makundi ya Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti yaligombea madaraka. Frederick Lugard, ofisa wa kampuni ya Kiingereza, aliwasili Kampala mnamo Desemba 1890. Katika vita vya Mengo mwezi Januari 1892 aliwasaidia Waprotestanti kwa bunduki, ikiwemo ya Maxim, wakashinda. Baadaye Waganda waliisaidia Uingereza dhidi ya Kabaleega wa Bunyoro, nao walipewa sehemu ya nchi hiyo. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliwagawia Kabaka na machifu ardhi iliyopimwa kwa maili, wakawa na faida ya kuulinda utawala mpya.

Wajerumani walifanya vilevile kwa njia yao. Katika pwani walitumia maliwali, maakida na majumbe, vyeo vilivyotangulia utawala wao, na wakawapeleka maakida wenye kusoma na kuandika Kiswahili hadi bara. Rwanda na Burundi waliwaacha wafalme mahali pao na kuwawekea maofisa washauri.

Kodi, ardhi na reli

Mwaka 1897 serikali ya Kijerumani iliagiza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida ya kijijini. Mtu asiye na rupia alipaswa kuipata kwa kuuza mazao au kufanya kazi shambani kwa Mzungu. Kwa hiyo kodi ilifanya kazi mbili: iliingiza mapato, na iliwasukuma watu watoke makwao bila kuwafunga minyororo. Waingereza waliitumia kodi ya namna hiyohiyo Uganda na Kenya.

Ardhi ilichukuliwa kwa tangazo. Amri ya Kijerumani ya mwaka 1895 ilihesabu ardhi "isiyo na mwenyewe" kuwa mali ya serikali. Sheria ya Kiingereza ya mwaka 1902 huko Kenya ilifuata njia hiyohiyo. Malisho yaliyopumzishwa na mashamba yaliyoachwa yarudishe rutuba yalionekana kuwa matupu. Wamasai walihamishwa kwa mapatano ya mwaka 1904, yaliyoahidi kwamba maeneo waliyopewa yangekuwa yao daima, kisha wakahamishwa tena kutoka Laikipia kwa mapatano ya mwaka 1911. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913 kesi yao ilitupwa: mahakama ilisema kwamba mapatano hayo yalikuwa ya dola na dola, kwa hiyo haikuwa na mamlaka ya kuyaamua. Katika shauri hilo Wamasai walihesabiwa kuwa taifa la kigeni, katika nchi yao iliyotawaliwa na wengine.

Reli ilifunga kazi. Waingereza walianza reli ya Mombasa mwaka 1896, nayo ikafika ziwa Viktoria mahali pa Kisumu ya leo mwaka 1901, ikiwa na urefu wa zaidi ya kilomita 900. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na takriban 2,500 kati yao walikufa. Wajerumani walijenga reli ya Tanga hadi Moshi, na reli ya kati kutoka Dar es Salaam iliyofika Kigoma mwaka 1914. Reli zote zilielekea bandarini. Zilifuata kazi ya kutoa mazao nje, na ziliunganisha mikoa ya ndani pale tu ilipokuwa njiani.

Upinzani

Wenyeji waliupinga ubeberu tangu mwanzo, wengine kwa mazungumzo na wengine kwa vita. Mkwawa wa Wahehe alishambulia kikosi cha Emil von Zelewski huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na Zelewski mwenyewe akauawa. Ngome ya Kalenga ilitekwa mwaka 1894, lakini Mkwawa aliendelea kupigana msituni hadi alipojiua mwaka 1898 ili asikamatwe. Fuvu lake lilirudishwa mwaka 1954. Kabaleega na Mwanga wa Buganda walikamatwa mwaka 1899 na kupelekwa Shelisheli. Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi waliopinga reli kwa miaka mingi, aliuawa mwaka 1905 alipokwenda kuzungumza na ofisa wa Kiingereza.

Upinzani mkubwa kuliko yote ulikuwa Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Ulianza katika vilima vya Matumbi, ambako watu walilazimishwa kulima pamba ya serikali kwa malipo duni. Tendo la kwanza la vita lilikuwa kung'oa mipamba. Maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, yaliyoaminiwa kuzuia risasi, yaliunganisha makabila ambayo hayakuwahi kupigana pamoja. Wajerumani walijibu kwa kuchoma vijiji, maghala na mashamba, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Serikali ya Kijerumani ilikadiria vifo 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamekadiria hadi 250,000 au 300,000.

Matokeo

Mipaka ya mwaka 1886 na 1890, kwa mabadiliko machache, ndiyo mipaka ya nchi huru za leo. Iliwagawa Wamasai kati ya Kenya na Tanzania, na watu wengine wengi. Mkonge, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, pamoja na kahawa na pamba vilifanya uchumi utegemee bei zilizopangwa ng'ambo. Kiswahili, kilichotumiwa na Wajerumani katika ofisi na shule zao, kilienea zaidi bara, na baadaye kikawa lugha ya kudai uhuru.

Maoni ya wanahistoria

Mwingereza J. A. Hobson aliandika mwaka 1902 kwamba ubeberu ulitokana na matajiri wachache wenye mitaji iliyokosa pa kuwekezwa kwao. Lenin alilichukua wazo hilo mwaka 1916 na kuuita ubeberu hatua ya juu kabisa ya ubepari. Ronald Robinson na John Gallagher mwaka 1961 walisisitiza mkakati: wakuu wa London walikuwa wakilinda Suez na njia ya Bara Hindi. Walter Rodney, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alieleza mwaka 1972 jinsi uhusiano huo ulivyoidumaza Afrika. Katika Afrika ya Mashariki kila hoja hupata ushahidi: Uganda inafaa zaidi hoja ya mkakati, mashamba ya mkonge na pamba yanafaa zaidi hoja ya uchumi.

Nchini Tanzania jina la Mangungo limekuwa msemo kwa mtu anayetia saini mkataba asiouelewa, hasa katika mijadala ya madini. Onyo hilo lina maana yake, lakini linamtwisha Mangungo mzigo usio wake. Hata kama angekataa kuweka alama, Peters alikuwa na karatasi nyingine 11, na mwaka uliofuata zilikuja manowari. Msomaji wa historia hii anapaswa kuuliza pia aliyeandika karatasi alikuwa nani, aliiandika kwa lugha gani, na ni nani aliyekusudiwa kuisoma.

Tazama pia

Afrika ya Mashariki ya Kijerumani
Mkutano wa Berlin
Vita vya Maji Maji
Usultani wa Zanzibar
Reli ya Uganda
Mkwawa